Kumngoja korongo: mwongozo wa kutazama na kupiga picha kati ya Watamu na Sabaki

Siku ya kwanza nilipobeba kamera kwenda mwambani Watamu, pwani ya Kenya, nilimwona korongo wa kijivu amesimama kwenye dimbwi, nikaanza kumnyatia. Nikikaribia, anaruka hatua hamsini mbele, anatua. Nikikaribia tena, anaruka tena. Baada ya saa nzima nilikuwa na picha arobaini za mgongo wa ndege. Nilipogeuka, mfereji niliouvuka maji yakiwa ya vifundoni sasa ulikuwa umejaa hadi kiunoni na bado unapanda.

Aliyenitoa ni mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akirudi na mtumbwi wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamfuata ndege?"

"Ndiyo, nataka picha."

"Mimi mwaka wa arobaini humu baharini, sijamfuata hata mmoja. Wao ndio hunifuata mimi."

Akaonyesha kwa kidole. Kwenye uzio wake wa kunasia samaki walikuwa wamepanga mstari yangeyange sita, wanasubiri maji yapungue. Nilichojifunza baada ya hapo ni ufafanuzi wa maneno yale tu. Huku kwetu korongo huletwa na maji, na kazi yako ni kujua yatamleta wapi na saa ngapi, kisha uwe umekwisha kukaa pale kabla yake.

Hatua ya 1: Jua unamngoja nani

Neno "korongo" lina mambo mengi. Linabeba ndege wa aina tatu au nne zisizo na undugu wa karibu, achilia mbali kwamba pia ni bonde. Vijijini utasikia vilevile kulastara, na weupe wote huitwa yangeyange. Kwa mazungumzo hayo yanatosha. Kwa daftari lako hayatoshi, kwa hiyo zoea kuandika jina la kisayansi pembeni.

Alama ya kwanza ni angani. Ndege wa familia hii, Ardeidae, wakiruka mwendo mrefu hukunja shingo, kichwa kikarudi mabegani kama mtu aliyejikunyata kwa baridi. Ukiona ndege mrefu anaruka shingo imenyooka mbele kama mshale, huyo ni wa ukoo mwingine.

Walio wakubwa hawasumbui. Korongo wa kijivu, Ardea cinerea, ana utosi mweupe na utepe mweusi unaotoka juu ya jicho kwenda nyuma. Ukimwona mwenzake mwenye utosi na shingo ya nyuma nyeusi kabisa, Ardea melanocephala, mara nyingi utakuwa umeingia mashambani, maana huyo hupenda panzi na panya kuliko samaki. Ardea goliath ndiye mkubwa kuliko makorongo wote duniani, kimo chake karibu mita 1.5, kichwa na shingo rangi ya kutu, mdomo mzito kama jembe. Hupiga mbawa polepole mno hadi unadhani ataanguka. Mara nyingi yuko peke yake.

Shida huanza kwa yangeyange. Mkubwa, Ardea alba, ana shingo ndefu iliyovunjika katikati kama kiwiko, na miguu na nyayo zake ni nyeusi. Mdogo, Egretta garzetta, ana mdomo mweusi, miguu myeusi, na nyayo za njano kana kwamba amekanyaga manjano ya kupikia. Yule wa ng'ombe ni mfupi, mdomo wa njano, na ukimkuta ufukweni kwa kawaida anapita tu.

Halafu yuko wa pwani hasa, Egretta dimorpha, ndege wa Afrika Mashariki na visiwa vya jirani hadi Madagaska. Wapo wataalamu wanaomhesabu kuwa aina ya yangeyange mdogo tu. Jina lake la Kilatini linamaanisha "wa maumbo mawili", na ndivyo alivyo: mmoja mweupe kabisa, mwingine kijivu cheusi kama mkaa wenye koo jeupe, na utawakuta wamesimama dimbwi moja. Nyayo ni za njano, pengine rangi hiyo hupanda kidogo mguuni. Mweupe wake ni vigumu kumtenga na yangeyange mdogo, na sioni aibu kuandika "mmojawapo" kwenye daftari. Lakini yule mweusi ni zawadi.

Usimchanganye tu na Egretta ardesiaca, korongo mweusi, ambaye naye ana nyayo za njano. Tazama koo: kwa huyu ni jeusi pia. Kisha mwache ale, atajitambulisha mwenyewe. Hufungua mbawa zote mbili zikakutana mbele, akaficha kichwa ndani kama mtu aliyejifunika mwavuli, akakaa hivyo sekunde chache, akafunga, akapiga hatua, akafungua tena. Inaaminika samaki wadogo hukimbilia kivuli kile, na mwenyewe huona vizuri maji yasipomwaka.

Wawili wa mwisho ni wadogo na wa kujificha. Butorides striata hukaa chini ya mizizi ya mikoko, mgongo wa kijivu cha kijani, kofia nyeusi, amejikunja hadi unadhani ni kigogo. Amewahi kuonekana sehemu mbalimbali duniani akidondosha mdudu au jani majini kama chambo, kisha akangoja samaki aje. Ardeola idae ni mgeni kutoka Madagaska, huku yuko takriban kuanzia Mei hadi Oktoba, na amo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Ukimpata, picha moja mbaya inayoonyesha mdomo na mgongo ina thamani kuliko picha mia nzuri za yangeyange.

Hatua ya 2: Hesabu mwezi

Hapa ndipo wengi wanaotoka bara hukosea. Wanauliza jua linachomoza saa ngapi. Waulize watu wa pwani: leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame?

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kidogo, kwa wastani dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, na kwenye pwani hii tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haiendi mbali wala hairudi kwa nguvu.

Sasa lililo muhimu zaidi kwako ni kwamba saa za bamvua hazihamihami. Kuanzia Mombasa hadi Malindi, siku za mwezi mpevu na mwandamo maji hupwa karibu na saa nne asubuhi na hujaa karibu na saa kumi jioni. Maji mafu ni kinyume, yanajaa saa nne na kupwa karibu na saa kumi jioni. Ukishajua hilo unaweza kupanga mwezi mzima kichwani, halafu uhakikishe kwa jedwali la maji la Kilindini, bandari ya Mombasa, kabla ya kutoka, kwa kuwa dakika huteleza.

Kwa kupiga picha mimi hupenda vipindi viwili. Cha kwanza ni mwezi 11 hadi 13, na tena 26 hadi 28. Siku hizo kupwa huangukia kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, ikimaanisha maji yanashuka wakati jua linapanda, na makorongo hula vizuri zaidi pale maji yanaposhuka, wakifuata ukingo unaorudi nyuma na kuacha samaki vidimbwini. Cha pili ni mwezi 9 na 10, au 24 na 25, kupwa ikiwa saa kumi na moja hadi kumi na mbili jioni. Maji hayaendi mbali siku hizo, kwa hiyo ndege pia hawaendi mbali, na mwanga ni wa dhahabu.

Bamvua yenyewe, saa nne asubuhi, ni siku ya kutazama kwa darubini. Mwamba wote uko wazi na ndege ni wengi, lakini jua limeshakuwa kali na hewa juu ya mchanga inatetemeka. Picha ya mbali itatoka kama umeipiga kupitia mvuke wa sufuria, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayokuokoa.

Majira nayo yana neno. Kaskazi, Novemba hadi Machi, anga huwa safi na makorongo wa kijivu waliotoka Ulaya na Asia huongezea wenyeji. Kusi huleta mawingu na mawimbi, na mimi huyapenda mawingu yale kwa sababu ndege mweupe chini ya wingu jembamba ana manyoya, ilhali juani ana mwako tu. Mgeni wa Madagaska naye huja wakati huo. Masika kamili, Aprili na Mei, kaa nyumbani ushone mfuko wako.

Hatua ya 3: Chagua kati ya mwamba, hori na mlango wa mto

Kilomita zisizofika 40 za pwani hii zina mazingira matatu tofauti, na kila moja lina korongo wake na jua lake.

Mwamba wa Watamu uko ndani ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968, na ada hulipwa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Hapa ndipo pa yangeyange wa maumbo mawili na korongo wa kijivu. Tatizo la mwamba ni kwamba pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi ukisimama ufukweni ukaelekeza kamera baharini, unalitazama jua usoni na kila ndege anageuka kivuli. Kama unataka vivuli, vizuri, piga, ni picha za kupendeza. Kama unataka manyoya, toka mapema maji yakishuka, pita umbali kidogo, kaa juu ya jiwe ukiwa umegeukia nchi kavu, jua mgongoni. Jioni mambo yanageuka: jua linatoka nyuma ya minazi, nawe unakaa mchangani kwa raha.

Lakini ukitoka, weka saa ya kurudi. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa unaweza kudhani yamelala, kisha katika saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote. Siku ya bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu ndani ya saa mbili, na hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako. Mimi huondoka nusu saa baada ya maji kugeuka, hata kama korongo wa ndoto yangu ndiyo kwanza anatua.

Mida ni hori, mkono wa bahari unaoingia ndani hadi jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, umezungukwa na mikoko. Kuna daraja la mbao linaloning'inia kati ya miti na kukuleta kwenye kibanda cha kutazamia ndege, na ada yake ni ya jamii ya hapo. Kibanda kiko upande wa barabara ya Mombasa kwenda Malindi, yaani magharibi ya hori, basi alasiri jua liko mgongoni kwako. Hapa pana matope, kaa wadogo wenye gando moja kubwa, na kila korongo niliyemtaja, usipokuwa na bahati mbaya. Butorides mtafute chini ya mikoko halisi, ile yenye mizizi ya upinde. Si mara nyingi utamkuta mahali peupe kwenye michu, aina nyingine ya mikoko. Ukitaka kwenda kwa mtumbwi, mchukue kiongozi wa Mida mwenyewe. Anajua mfereji upi unakauka, na ndege wamemzoea.

Mlango wa Sabaki, kaskazini ya Malindi, ndio pori hasa. Mto huleta udongo mwekundu, bahari inausukuma nyuma, na katikati panakuwa na visiwa vya mchanga vinavyobadilika kila masika. Ardea goliath nimemwona huko zaidi ya kwingine, na madimbwi ya majani pembeni ndiyo ya kumtafutia mgeni wa Madagaska. Kuna viboko. Hilo nalisema bila mzaha. Usipite kwenye majani marefu kabla ya jua kutoka, usikae kati ya kiboko na maji, wala usitembee peke yako. Kijana wa kijiji atakayekuongoza atakuonyesha pia pa kukanyaga, kwa kuwa tope la huko humeza mguu mpaka gotini.

Hatua ya 4: Nguo na mzigo

Punguza. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane) au iliyo karibu nayo, kamera moja, lenzi moja, maji ya kunywa, daftari. Lenzi ya milimita 300 hadi 400 inatosha ukikubali kungoja. Ya 600 ni tamu lakini utaichukia kwenye matope.

Vaa rangi ya mchanga au ya majani makavu. Kikoi cha zamani kilichochujuka ni kifaa kizuri kuliko nguo za duka: unakikalia, unafunika kamera nacho, unajifunika kichwa umbo la mtu lipotee. Ndara ziache, tope litazibakisha. Viatu vya raba vinavyobana mguu ndivyo, na mwambani buruta unyayo mchangani badala ya kukanyaga, ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, aliyejifukia akusikie na kuondoka. Badala ya stendi ya miguu mitatu mimi hubeba mfuko mdogo wa kitambaa mtupu. Nikifika naujaza mchanga, nalaza lenzi juu yake.

Hatua ya 5: Kaa kabla hawajaja

Fika saa moja na nusu au mbili kabla ya kupwa. Mahali penyewe utapajua kwa maji: tafuta mfereji mwembamba ambapo dimbwi kubwa linamwagikia baharini. Samaki wadogo lazima wapite hapo, na korongo anajua kuliko wewe. Uzio wa wavuvi ni sehemu nyingine nzuri, na mashua zilizolala ubavu.

Kabla ya kukaa, salimia. Ukiwakuta kina mama wanatafuta pweza, au mzee anakagua malema yake ya kunasia samaki, hodi kwanza, ueleze umekuja kwa ndege. Ni adabu, na pia watu hawapendi kamera ndefu inayoelekea walipo bila neno. Mara nyingi watakuambia yangeyange walikuwa wapi jana.

Kisha kaa chini, kabisa, hadi lenzi iwe karibu na kimo cha tumbo la ndege. Picha ya korongo iliyopigwa na mtu aliyesimama ina matope nyuma yake. Iliyopigwa na mtu aliyelala ina bahari na anga, na ndege anakuwa na heshima yake.

Dakika ishirini za kwanza usiguse kamera. Tazama njia yake. Korongo wa kijivu husimama, yangeyange hutembea, na mdogo hutikisa unyayo wake wa njano ndani ya maji kuwatoa samaki mafichoni. Wengi huwa na zamu: huanzia jiwe hili, hupita hapa, hugeukia pale, hurudi. Ukishaona mzunguko mara mbili, unahama polepole kwenda atakapopita, si alipo.

Jinsi ya kujua umekaribia mno: anaacha kula. Kabla hata ya kuruka, shingo inanyooka wima, kichwa kinageuka ubavu jicho moja likutazame, mwili unakuwa mwembamba. Ukiona hivyo shuka, tulia, na kama hakurejea kula ndani ya dakika moja au mbili, rudi nyuma wewe. Saa zake za kula zinapangwa na bahari, kila dakika anayoipoteza kukukodolea macho hairudi hadi kupwa nyingine.

Hatua ya 6: Mwanga wa ndege mweupe na wa ndege mweusi

Kamera ni jinga kwa jambo moja: inadhani dunia yote ni ya kijivu. Yangeyange mweupe mbele ya mikoko yenye kiza, itaona giza kubwa, itaongeza mwanga, na ndege atakuwa karatasi nyeupe isiyo na unyoya. Hapo punguza fidia ya mwangaza kwa theluthi mbili hadi stopu nzima (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu). Mweusi wa koo jeupe juu ya mchanga unaong'aa, itafanya kinyume, itamzika ndege gizani. Ongeza stopu moja.

Tatizo ni kwamba wawili hawa wanatembea pamoja, tena mbele ya mikoko dakika hii na mbele ya povu dakika ijayo. Ndiyo maana nikiwa Mida naacha mambo ya kujiendesha, naweka kwa mkono. Nampima mweupe aliye juani, naongeza mwanga taratibu hadi alama za kumeta, zile za kioo cha kamera zinazoonya kwamba weupe unaungua, zianze kuonekana mgongoni mwake, narudi nyuma kidogo, basi. Mwanga wa jua haubadiliki ndege akihama kutoka mikokoni kwenda mchangani; kinachobadilika ni kilicho nyuma yake. Hadi wingu lipite, sigusi tena. Weupe ulioungua haurudi, lakini weusi uliozama kidogo unaweza kuvutwa nyumbani ikiwa umepiga faili ghafi (RAW), na uzipige hizo.

Namba za kuanzia: korongo aliyesimama, 1/500 ya sekunde. Anayetembea, 1/1000. Anayepiga samaki au kuruka, 1/2000 au zaidi. Upenyo wa lenzi, yaani tundu la kupitishia mwanga, uwe f/6.3 hadi f/8, kwa sababu mdomo ni mrefu na utataka jicho na ncha vyote viwe wazi. ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande inavyotaka. Fokasi iwe juu ya jicho daima.

Wenye simu msikate tamaa. Simu iliyobanwa kwenye tundu la darubini, mikono imeegemea goti, hutoa picha ya kumtambua ndege bila shaka. Na simu peke yake hupiga kile ambacho lenzi kubwa haiwezi: kibanda, mikoko, tope linalometa na nukta tatu nyeupe mbali. Nina picha ya namna hiyo ukutani, ya lenzi ndefu sina.

Hatua ya 7: Pigo na ruko

Pigo la korongo lina maandalizi. Shingo hujikunja ikawa herufi S iliyobanwa, mwili unainama mbele kidogo, na kichwa huyumba kidogo sana kulia na kushoto kana kwamba analenga. Mguu ulioinuliwa haushuki. Hapo bonyeza na uendelee kubonyeza, kwa sababu ukingoja uone mdomo ukitembea umeshachelewa. Acha nafasi mbele yake kwenye fremu, wengi hukata mdomo ukiwa ndani ya maji.

Akipata samaki mkubwa usisimamishe. Kumgeuza kichwa kitangulie, kumsuuza, kumeza, ule uvimbe unaoteremka shingoni, hiyo ndiyo hadithi, na huchukua muda wa kutosha kwa mtu yeyote.

Kuhusu kuruka, fuata upepo. Ndege huruka na kutua akiuelekea. Upepo wa kusi ukivuma, kaa ukiupa mgongo na anayekuja kutua atakuwa anakujia kifua wazi. Ukikaa upande wa pili utakusanya mikia. Anayekaribia kuruka mara nyingi hujisaidia kwanza, kisha huchuchumaa. Ni dalili isiyo ya kishairi lakini haijaniangusha.

Kumrushia jiwe ili aruke, au kupiga makofi, sitaki hata kulijadili.

Hatua ya 8: Maji yakirudi

Watu wengi hufunga mizigo maji yakianza kujaa, na wanakosa nusu ya siku. Samaki wakishafikia maji marefu, makorongo hurudi nyuma na kukusanyika sehemu chache zilizobaki kavu: ncha ya mchanga, mashua iliyotia nanga, vilele vya mikoko. Siku ya bamvua maji hujaa karibu saa kumi jioni, jua limelegea, na ndege wamesimama kwa makundi wakijitengeneza manyoya. Hawana haraka. Ukichagua mahali mapema, wanakuja kusimama mbele yako.

Jioni kabisa wanaruka kwenda kulala kwenye mikoko. Wapige wakipita angani, usiwafuate wanakolala.

Na viota, kaa mbali. Ukimwona yangeyange amebeba kijiti, au ana nyuzi ndefu za manyoya mgongoni na ngozi ya mbele ya jicho imebadilika rangi, ujue msimu umefika. Mzazi akiondoka kwa kukuogopa, yai linabaki juani, na kunguru wa India, aliyejaa pwani yetu yote, huwa hayuko mbali. Amejifunza kumfuata mtu. Droni ni mbaya zaidi, na hifadhini hairuhusiwi bila kibali. Picha za kiota ulizopata kwa bahati kutoka mbali, ukizirusha mtandaoni ondoa alama ya mahali.

Hatua ya 9: Chumvi na daftari

Chumvi itakula kamera yako hata kama haikugusa maji, kwa kuwa iko ndani ya upepo. Usibadilishe lenzi ufukweni. Ukifika nyumbani, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa vizuri, pitisha kwenye mwili wa kamera, kwenye pete za lenzi, kwenye vifundo. Kisha kikavu. Kioo chenyewe pulizia kwanza kwa kipira cha hewa, maana punje moja ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Unyevu wa pwani huotesha ukungu ndani ya lenzi, kwa hiyo ihifadhi kwenye kopo linalofungwa pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Kabati lililojaa nguo ni mahali pabaya.

Picha futa bila huruma, ila kabla ya kufuta iliyo mbaya angalia kama inaonyesha nyayo, koo au mdomo. Hizo ndizo zinazomaliza ubishi. Kisha ingiza ulichoona kwenye eBird au Kenya Bird Map, kumbukumbu za mtandaoni za ndege walioonekana, hata kama ni yangeyange watatu tu.

Daftari langu huanza na mwezi, si tarehe. Mstari mmoja wa kusi iliyopita unasema hivi: "Mwezi 12, Mida, kupwa saa mbili na robo. Upepo kusi, wingu. Mweusi wa koo jeupe, mguu wa kushoto una uzi wa wavu umemzonga juu ya unyayo. Anatembea sawa. Picha 3." Kwa sababu ya mstari ule nilirudi mwezi 27, nikakaa kwenye mfereji uleule kabla ya jua. Alikuja maji yakiwa nusu, akasimama jiwe lilelile, mguu mtupu.